Saanane bado ina miti, vilima vyetu vya Mwanza vimebaki mawe. Kwa nini?

#1 Mwana wa Igogo

Wakuu salaam.

Nyumba yetu iko Igogo, mlimani, sehemu ambayo mchanga na tofali vilipandishwa kichwani kwa sababu hata bodaboda haifiki. Jioni nikikaa mlangoni naiona Saanane yote, kile kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria. Mawe yake ni haya haya ya kwetu na mvua ni hii hii. Lakini kule mikuyu imekumbatia majabali, vichaka vimeshonana, na jua likizama ndege wanarudi kulala kwa makundi. Huku ni mabati juu ya mawe, na mwarobaini mmoja wa jirani ambao watoto wote wa mtaa wanagombania kivuli chake.

Mzee wangu alihamia hapa 1978. Anasema miti ilifika mpaka nyuma ya choo, na pimbi walikuwa wanashuka kula matembele ya mama. Leo kimebaki kipande kimoja tu kwenye korongo, ukubwa kama uwanja wa mpira. Kimepona kwa sababu mawe yake hayakubali msingi wa nyumba. Wiki iliyopita nimepishana na kijana ana panga anakwenda huko, jioni nikamwona anashuka na mzigo wa kuni.

Swali langu: Saanane imeponaje? Msinijibu "kwa sababu ni hifadhi ya taifa" halafu mkaishia hapo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1964, sawa, lakini misitu mingapi yenye askari imeisha? Nataka sababu yenyewe. Ikijulikana, huenda ikalisaidia hili korongo.

#2 Fundi Boti

Maji, mkuu. Sababu ni maji. Ukikata mti Saanane lazima uupakie mtumbwini, uvuke nao, ushukie Capri Point au Igogo mbele za watu. Ukikata mlimani unaweka begani unashuka nao kwa uchochoro, nani kakuona?

#3 Dada wa Mwaloni

Fundi Boti hapana. Nimekulia Kirumba, Mwaloni pale. Tangu nikiwa mdogo naona mitumbwi inaleta kuni na magunia ya mkaa kutoka visiwani upande wa Sengerema, pamoja na dagaa. Maji ndiyo barabara yenyewe. Mzigo ambao ungekusumbua kubeba kilomita tano nchi kavu, mtumbwi unaubeba kilomita hamsini. Kama maji yangezuia shoka, visiwa vyote vingekuwa na msitu.

#4 Kalamu ya Nyamagana

Mleta mada, turekebishe tarehe kwanza maana hapo ndipo penye hoja. Mwaka 1964 Saanane haikuwa hifadhi ya taifa. Ilianzishwa kama bustani ya wanyama ya serikali, ya kwanza nchini. Ilipandishwa kuwa pori la akiba mwaka 1991, na hifadhi ya taifa mwaka 2013. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18, na hapo umeshahesabu maji pamoja na visiwa vidogo vya jirani yake.

Kwa hiyo ulinzi wa hifadhi ya taifa ni wa juzi tu. Miti ilikuwapo kabla yake. Anayetaka kueleza kwa nini ilibaki aeleze ile miaka ya 1964 mpaka 1991.

#5 Jiwe la Kirumba

Kalamu umemaliza. Bustani ya wanyama ilikuwa na simba na chui. Nani angekwenda kukata kuni kwa simba? Babu zetu waliogopa. Na Saanane mwenyewe alikuwa mtemi, kisiwa cha mtemi hakiguswi.

#6 Kalamu ya Nyamagana

Jiwe, hakuwa mtemi. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi aliyeishi pale kisiwani na kulima. Alihamishwa kwenda nchi kavu kupisha bustani. Maana yake kisiwa kilishawahi kuwa shamba! Huo msitu mnaousifia, sehemu yake imeota upya baada ya mtu kuondoka.

Na simba hawakuachiwa wakatembea, wale wakali walikaa vizimbani.

#7 Mwana wa Igogo

Asante kwa masahihisho, #4. Hii ya #6 sikuijua kabisa na imenishtua. Jina la mtu limebaki kwenye kisiwa na mwenyewe aliondolewa. Ningependa kujua wajukuu wake wanapajua pale kama kwao.

#8 Mzee wa Ngitili

Mwangaluka wote. Nimesoma kimya, sasa nichangie, na mtanivumilia maana si fupi.

Vijana mnauliza kisiwa kimeponaje. Mngeuliza kwanza miti ya bara iliisha vipi, kwa sababu haikuisha kwa mkaa wa mjini peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliua ng'ombe wa nchi hii karibu wote. Ng'ombe wakiisha, malisho yanageuka vichaka, na kwenye vichaka anaingia mbung'o, naye analeta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Serikali ya mkoloni ikaona dawa ni kufyeka. Kuanzia miaka ya 1920 upande wa Shinyanga, watu wakaitwa kwa maelfu kufyeka pori, kijiji kwa kijiji, na baba yangu alifyeka. Mwaka 1947 ukaja ule mpango mkubwa wa Usukuma: ondoa watu na ng'ombe palipobanana, fungua mapori upande wa Geita. Mti ukawa adui, na aliyeuangusha akasifiwa.

Halafu ikaja pamba. Miaka ya 1950 kila mtu alikuwa analima pamba, na kila ekari ya pamba ni miti iliyolala.

Lakini Msukuma alikuwa na akili yake, nayo ndiyo jina langu humu. Ngitili. Mvua zikianza unafunga kipande cha malisho, ng'ombe haingii, nyasi na miti vinapumzika, mnafungua kiangazi pakiwa pamekauka kila mahali. Kulikuwa na ngitili ya kaya na ngitili ya kijiji, na aliyevunja alitozwa na wazee. Operesheni Vijiji ya 1974 ilipotuhamisha, ngitili zikabaki nyuma bila mwenyewe, zikaisha. Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ikaanza HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kazi yao kubwa ikawa kuwarudishia watu ngitili zao. Wakati inaanza zilikuwa hekta kama 600 tu. Mpaka 2004 inafungwa zilizidi hekta 300,000. Na sehemu kubwa haikupandwa, ilifungwa tu ikaota.

Kwa hiyo Saanane kwangu mimi ni ngitili iliyofungwa 1964 na haikufunguliwa tena.

#9 Fundi Boti

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kufunga tu ikaota, nimekaa nikafikiri.

#10 Bibi Shamba Magu

Mzee wa Ngitili marahaba ya mapema, najua nitaamkiwa na wengi. Nakazia kuhusu pamba, ila usimsahau mfyekaji wa pili, jembe la ng'ombe. Plau ilipokuja, visiki vilivyokuwa vinaachwa shambani vikang'olewa ili ng'ombe wapite. Zamani tulilima katikati ya visiki, msimu ukiisha vinachipua. Plau ikavimaliza. Mti uliokatwa na shoka hurudi, uliong'olewa haurudi.

#11 Dada wa Mwaloni

Wazee wamesema ya shamba, mimi niseme ya ziwa.

Bibi yangu alikuwa anaanika furu juani. Furu ni samaki mdogo, hana mafuta, jua linamtosha, dagaa vile vile mpaka leo. Sangara akaja kutokana na kupandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ilipofika miaka ya 1980 amejaa ziwa zima na furu wengi wamepotea. Sangara ana mafuta, ukimwanika anaoza. Lazima umbanike au umkaange. Na mapanki, yale mabaki yanayotoka viwandani baada ya minofu kuondolewa, hayo mengi hukaangwa. Nendeni mkaangalie moto unaowaka kwenye vichanja vya kubanikia, kuanzia alfajiri. Kuni hizo zinatoka wapi? Samaki mmoja aliyebadilishwa ziwani amekata miti ya nchi kavu. Mimi hapo sina shaka.

#12 Kalamu ya Nyamagana

Dada, hoja yako nzuri, ila miti ya mlima wa Igogo ilibanika sangara wangapi? Mleta mada amesema 1978 ilikuwapo. Sangara alijaa miaka ya 80, na miaka hiyo hiyo mji ulikuwa unapanda mlimani kwa kasi. Vitu viwili vimetokea pamoja, utajuaje kipi kilikata? Mkoa wetu sensa ya 2012 ulikuwa na watu 2,772,509, ya 2022 watu 3,699,872. Karibu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Mimi nasema ni watu, wala tusizunguke.

#13 Dada wa Mwaloni

Watu hao wanakula nini? Sangara.

#14 Mtoto wa Ukara

Kalamu, mimi kwetu ni Ukara, kule ng'ambo ya Ukerewe. Kisiwa kidogo na watu wamejaa tangu enzi za Mjerumani, hakuna aliyewahi kukiita kisiwa kitupu. Kwa hesabu yako tungekuwa hatuna hata mche. Lakini njoo uone. Kila mti una mwenyewe. Hata mti uliosimama kwenye shamba la mwingine unaweza kuwa ni wa babu yangu, na majani yake tunawapa ng'ombe tunaowafunga ndani, samadi inarudi shambani. Ukikata mti wa mtu umeiba, na utashughulikiwa kama mwizi wa mbuzi.

Kwa hiyo sababu ni mwenyewe. Saanane ina mwenyewe, serikali. Mlima wa Igogo wakati huo ulikuwa wa nani?

#15 Msaidizi wa Viwanja

Hili la #14 nalijibu kwa uzoefu. Nimefanya kazi ya kushika kamba kwenye upimaji miaka kadhaa. Milima ya Mwanza haikupangwa kwa makazi. Watu walijenga kwanza, karatasi zikafuata. Ulipokuja urasimishaji, nyumba zilizokuwa juu ya mawe zikapimwa na wengi wakapata hati zao, jambo jema kwa familia, nimeona watu wakilia kwa furaha. Lakini tulipopima nyumba, vile vipande katikati ya nyumba, makorongo na mabonde, vilibaki vyeupe kwenye ramani. Havina mtu. Kipande kisicho na mtu kila mtu anakichukulia kuwa chake siku akihitaji kuni.

Nikaenda ofisi moja kuuliza kama korongo la kwetu linaweza kuandikwa eneo la wazi la mtaa. Niliambiwa nilete muhtasari wa kikao. Nikapeleka. Nikaambiwa aliyepokea kahamishwa. Mwaka wa tatu sasa.

Mwana wa Igogo, itisheni kikao cha mtaa, muhtasari uandikwe, usainiwe na mwenyekiti, tunzeni nakala tatu. Usiwape ya mwisho.

#16 Mwana wa Igogo

Nakala tatu, nimeandika. Asante sana.

#17 Mpanda Mawe

Hakuna aliyemtaja mbuzi! Saanane hakuna mbuzi. Mlimani kwetu Mabatini kuna mbuzi wengi kuliko watoto wa shule. Kisiki kinachipua asubuhi, jioni kimeliwa. Hiyo ndiyo tofauti, mengine yote ni siasa.

#18 Bibi Shamba Magu

Mpanda Mawe, kule kisiwani kuna swala, kuna pimbi, kuna tumbili. Wote hao ni walaji. Pimbi anakula majani na akikosa anabambua magome. Mbona hawajamaliza?

#19 Mpanda Mawe

Kwa sababu pimbi akizidi kuna ndege wawindaji juu na chatu chini. Mbuzi akizidi mwenyewe anafurahi.

#20 Jiwe la Kirumba

Hahaha bibi kakubana ukachomoka, nakupa heshima yako.

Halafu mnasahau yule mjusi wa mawe, dume lake kichwa chekundu mpaka mabegani na mwili wa buluu. Wageni wanamfuata na kamera. Jina lake la kisayansi limebeba jina la Mwanza, *Agama mwanzae*. Huyo bado yupo mlimani, miti au bila miti. Na sokwe je? Nasikia sokwe wa kisiwa cha Rubondo walitokea Saanane.

#21 Fundi Boti

Wa Rubondo walitoka Ulaya. Nimewapeleka wageni kule mara nyingi, kila mara tunaelezwa.

#22 Kalamu ya Nyamagana

Fundi yuko sahihi. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wamefungwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa Rubondo, kazi iliyoongozwa na Mjerumani Bernhard Grzimek na shirika lake la uhifadhi la Frankfurt. Walijifunza kuishi porini na wakazaana. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa 1977, kilomita za mraba 456 ukihesabu maji pamoja, na kisiwa chenyewe sehemu kubwa ni msitu. Na kule nako wavuvi waliokuwa wanaishi walihamishwa miaka ya 60.

Sasa angalieni. Saanane mtu alihamishwa, msitu ukarudi. Rubondo watu walihamishwa, msitu upo. Sisemi ni vizuri. Nasema hiyo ndiyo sababu inayojirudia.

#23 Mtoto wa Ukara

Na Ukara hakuhamishwa mtu na miti ipo. Kalamu, usituhamishe.

#24 Mzee wa Ngitili

Mtoto wa Ukara umesema kweli. Mimi nilihamishwa 1974 nikiwa na mke na mtoto mchanga. Miti haikurudi kwa sababu tuliondoka, iliisha kwa sababu tuliondoka. Aliyeijua kila kona ya ngitili hayupo, mgeni akija na shoka nani amwambie kitu?

#25 Mwana wa Igogo

Wakuu, nina taarifa. Nimeongea na yule kijana wa panga. Ana miaka 17. Mama yake anauza maandazi na chai pale kituoni, unga umepanda bei, mafuta yamepanda, mkaa gunia hawezi, kwa hiyo yeye anapanda korongoni mara mbili kwa wiki. Hakati mti mzima, anasema anachagua matawi. Nilipanda pale na hasira nikarudi sina la kusema. Nimekula maandazi ya huyo mama tangu nasoma sekondari.

#26 Dada wa Mwaloni

Ndiyo maana nilisema kuni zinatoka wapi. Siku zote ziko nyuma ya chakula cha mtu.

#27 Msaidizi wa Viwanja

Serikali imeshazuia kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, na mkakati wa nishati safi wa 2024 unataka ifike 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Lakini mama wa maandazi si taasisi. Mtungi mdogo wa gesi anaweza kuupata, kuujaza kila mara ndiyo mtihani.

#28 Bibi Shamba Magu

Kijana akate, ila afundishwe. Tawi la pembeni sawa, la juu aache. Kisiki chenye machipukizi kumi abakize mawili yaliyonyooka, manane ni kuni zake. Huko Dodoma wanaita kisiki hai. Korongo lako litatoa kuni na bado litapanda juu. Na msikimbilie kununua miche ya mkaratusi. Yaliyomo ardhini tayari yanajua mawe yenu.

#29 Mpanda Mawe

Bibi hapo sawa kabisa, ila mimi nasema pandeni pia. Machipukizi yanataka subira ambayo mji hauna. Na miti ina kazi nyingine, inashika mawe. Mvua kubwa ikija Mto Mirongo unajaa takataka na udongo wote uliotoka milimani, na majabali yanalegea.

#30 Jiwe la Kirumba

Miti hiyo hiyo ndiyo inapasua mawe! Mkuyu ukiingiza mzizi kwenye ufa, miaka ishirini jabali ni vipande viwili. Nyuma ya kwetu lilipasuka hivyo, tukasikia mlio usiku.

#31 Mpanda Mawe

Likapasuka, likaanguka?

#32 Jiwe la Kirumba

Halikuanguka. Mizizi imelishika mpaka leo.

#33 Mpanda Mawe

Basi tumekubaliana wote wawili.

#34 Jiwe la Kirumba

Hatujakubaliana. Mwaka huu imelishika, mwakani sijui.

#35 Fundi Boti

Narudi kwenye maji, msidhani nimenyamaza. Wanapoweka mpaka wa hifadhi ndani ya ziwa, uvuvi pale unakatazwa, na samaki wanazalia kwenye yale mawe na matete. Wavuvi wanaotega nje kidogo ya mpaka wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo wapo watu nje ya serikali wanaofaidika Saanane ikibaki. Mlima wenu nani anafaidika ukibaki?

#36 Mwana wa Igogo

Swali gumu. Labda sisi tulio chini yake mvua ikinyesha.

Jana nimekwenda korongoni na yule kijana pamoja na mama yake. Mama ndiye aliyeonyesha visiki vinavyochipua, kumbe anavijua kimoja kimoja, nimevihesabu 41. Pimbi wawili walikuwa juu ya jiwe wanaota jua. Kikao cha mtaa ni Jumapili, mwenyekiti amekubali kuliweka kwenye ajenda.

Naombeni msaada wa kitu kimoja. Kuna mti mkubwa umekaa juu ya jabali, mizizi imeshuka kama kamba mpaka chini. Ukichubua gome unatoa utomvu mweupe. Nataka muhtasari uandikwe na jina lake.

#37 Mtoto wa Ukara

Mkuyu huo.

#38 Bibi Shamba Magu

Si lazima. Jamii ya mikuyu ina ndugu wengi na wote wana utomvu. Shika jani. Likikwaruza kama msasa, ni mkuyu wenyewe. Likiwa na manyoya laini kama sikio la ndama, ni yule ndugu yake anayependa mawe.

#39 Jiwe la Kirumba

Weka na picha ya tunda, limekaa kwenye shina au kwenye vitawi?

#40 Mwana wa Igogo

Sasa hivi giza. Nitapanda alfajiri nilishike.